Alichonyimwa Mama Hulipwa Mlezi wa Kambo

Familia ya Kikongo iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu (Tanzania) au Nakivale (Uganda) kwenda kuanza maisha Marekani ilifundishwa mambo mengi: namba ya simu ya dharura, namna ya kulipa kodi ya nyumba, na kwamba huko mtoto hachapwi ovyo wala haachwi peke yake nyumbani. Somo hili la mwisho ndilo lililobaki kichwani. Haupiti muda mrefu, sauti za WhatsApp zinaanza kurudi: "Huku mtoto si wako, ni wa serikali." Nimeisikia sentensi hiyo kwa Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma na cha Mombasa, na karibu kila mara hufuatwa na kisa cha jirani wa jirani aliyenyang'anywa watoto kwa sababu ya kofi moja.

Ningependa kuiita porojo nikaendelea na shughuli zangu. Visa vya kofi moja mara nyingi vimetiwa chumvi. Lakini hofu yenyewe ina mizizi, na haikuanza na wageni waliofika juzi. Wamarekani Weusi wameishi nayo vizazi na vizazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika kila watoto 100 wa Marekani, 37 watakuwa wamefanyiwa uchunguzi na idara ya ulinzi wa watoto, ile ambayo watu huiita CPS, kabla hawajatimiza miaka 18. Kwa watoto Weusi ni 53 katika 100. Maana yake, kwa mtoto Mweusi wa Marekani, nyumba ambayo afisa hajawahi kubisha hodi ndiyo isiyo ya kawaida.

Uchunguzi peke yake haumpeleki mtoto popote. Sehemu ndogo tu ya kesi huishia kwenye malezi ya kambo, yaani mtoto kuondolewa kwao na kuwekwa kwa mlezi anayelipwa na serikali. Hata hivyo mizani imelala upande uleule. Watoto Weusi ni kama asilimia 14 ya watoto wote wa nchi ile, lakini kwa miaka yote hii hawajapungua asilimia 20 ya walioko kwenye malezi ya kambo. Watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani hali yao ni mbaya zaidi katika majimbo kadhaa.

Mjadala wa jambo hili hukwama mahali pamoja. Upande mmoja unasema maafisa ni wabaguzi. Upande wa pili unasema wazazi Weusi wanadhuru watoto zaidi kwa sababu ni maskini zaidi. Wanabishana miaka arobaini sasa. Mimi ningewaomba wote wawili wasimame kidogo watazame pesa: inatoka lini, na inaingia mkononi mwa nani.

Tuanze na neno. Takriban robo tatu ya watoto ambao idara huthibitisha kwamba walitendewa vibaya huwekwa katika kundi ambalo Kiswahili cha kisheria kingeliita kutelekezwa. Waliopigwa au kuumizwa mwili ni kama mmoja kati ya sita. Kwetu, ukisema fulani katelekeza watoto, kinachokuja akilini ni baba aliyekwenda mjini miaka sita iliyopita na simu yake haipatikani. Katika sheria za majimbo mengi ya Marekani neno hilo limetanuka likameza vitu vya kila aina: friji tupu, umeme uliokatwa, mende jikoni, paa linalovuja, mtoto wa miaka tisa aliyeachiwa wadogo zake mama akiwa zamu ya usiku. Baadhi ya mambo haya ni hatari kweli, hasa ulevi na dawa za kulevya vikiingia. Mengine ni bei ya vitu tu. Orodha hiyo ingetosha kufungulia faili karibu kila nyumba ya mtaa niliokulia, ya kwetu ikiwemo.

Umaskini wa Marekani haukugawanywa kwa rangi kwa bahati mbaya, na mfumo wa ustawi wa watoto nao haukukutana na Weusi kwa bahati mbaya. Ukitaka kuona walikutana wapi, nenda Louisiana mwaka 1960.

Tangu 1935 kulikuwa na posho ya serikali kwa watoto wa familia maskini. Majimbo ya kusini hayakupenda posho hiyo iwafikie Weusi, yakabuni kanuni ya "nyumba isiyofaa": mama akizaa nje ya ndoa, nyumba yake haifai, na posho inakatwa. Kiangazi cha 1960, huku New Orleans ikijiandaa kulazimishwa kuchanganya wanafunzi Weusi na Wazungu shuleni, Louisiana iliitumia kanuni hiyo kwa mkupuo mmoja. Watoto wapatao 23,000 walifutwa kwenye orodha, karibu wote Weusi. Aibu ilivuka bahari. Hata wanawake wa Newcastle, Uingereza, walichangisha msaada wa kuwalisha watoto wa nchi tajiri kuliko zote duniani.

Hapo ndipo alipoingia Arthur Flemming, waziri wa afya, elimu na ustawi. Januari 1961 alitoa agizo ambalo ukilisoma haraka ni haki tupu. Jimbo haliwezi kutangaza kwamba nyumba haifai kisha likamwacha mtoto mlemle bila chakula. Ama liisaidie nyumba mpaka ifae, ama limwondoe mtoto. Bunge likaongeza fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto watakaoondolewa kwa amri ya mahakama.

Majimbo yalisoma agizo yakapiga hesabu. Kuitengeneza nyumba ni kazi ndefu isiyo na risiti. Kumwondoa mtoto kuna hati, kuna hakimu, na kuna marejesho ya fedha. Kufikia 1977 watoto walioishi kwenye malezi ya kambo walikadiriwa kufika 500,000. Flemming alitaka kuziba njaa. Alichozaa ni utaratibu ambao shilingi isiyopatikana mtoto akiwa kwa mama yake inapatikana mara tu akishatoka mlangoni.

Kabla ya hapo, niseme, na kwingine hata baadaye, dhuluma ilikuwa ya sura nyingine. Mtoto Mweusi mwenye shida hakuchukuliwa, alikataliwa. New York iliyalipa mashirika ya Kikatoliki na ya Kiyahudi kulea watoto wa umma, nayo yalichagua kwanza watoto wa dini zao. Watoto Weusi, wengi wao Waprotestanti, walipata makombo. Mwaka 1973 mawakili walifungua kesi kwa jina la Shirley Wilder, binti wa miaka 13 aliyepelekwa shule ya marekebisho ya jimbo, mahali pa wahalifu watoto, kwa kuwa hakuna shirika lililomtaka. Kesi iliburuzwa zaidi ya robo karne. Alijifungua akiwa na miaka 14, na mwanawe akaingia katika mfumo uleule uliomshinda mama yake. Msaada ulipokuwa mzuri, Weusi hawakufikiwa. Ulipogeuka kuwa wa kuondoa watoto, wakawa wa kwanza kwenye foleni.

Kuna tukio la 1971 ambalo watu hulisahau, na mimi naliona kuwa ufunguo. Seneta Walter Mondale alipitisha bungeni mswada wa kuanzisha vituo vya malezi ya mchana nchi nzima, ili mama anayekwenda kazini apate pa kumwacha mtoto. Rais Nixon akaukataa. Mondale alirudi na mswada mwingine, safari hii wa kuzuia ukatili dhidi ya watoto, na kila mara alisisitiza kwamba ukatili hauna uhusiano na umaskini, unapatikana kwa matajiri na maskini. Nixon huyo huyo akausaini Januari 1974. Kituo cha malezi ya mchana kilikosa fedha. Simu ya kumshtaki mama aliyekosa kituo cha malezi ya mchana ilipata.

Sheria hiyo ya 1974 iliyataka majimbo yanayopokea fedha zake yawe na watu waliolazimika kutoa taarifa: walimu, wauguzi, madaktari, maafisa ustawi. Mwalimu akikaa kimya anaweza kushtakiwa. Akipiga simu kwa kosa bila nia mbaya, halipi chochote. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungepiga. Leo taarifa zinazoingia kwa mwaka ni kama milioni 4, watoto wapatao milioni 3 hufanyiwa uchunguzi, na wanaothibitishwa kuwa walidhurika hawafiki 600,000. Waliobaki wameingiliwa vyumbani, wamehojiwa shuleni bila wazazi, pengine wamevuliwa nguo kukaguliwa alama, kisha faili likafungwa.

Simu hizo hupigwa dhidi ya nani? Jibu bora ninalolijua limetoka kaunti ya Pinellas, Florida. Mwaka 1989 watafiti walipima mkojo wa wajawazito katika kliniki za umma na ofisi za madaktari binafsi. Dalili za pombe na dawa za kulevya zilionekana kwa asilimia 15.4 ya Wazungu na asilimia 14.1 ya Weusi. Karibu sawa, Wazungu wakizidi kidogo. Kisha wakatazama ni wanawake gani waliripotiwa kwa mamlaka. Weusi waliripotiwa takriban mara kumi zaidi. Hakuna hoja ya umaskini inayotosha kuziba pengo hilo.

Na asidhani Mzungu kwamba jicho hilo la upofu lina faida kwake. Utafiti wa mwaka 1999 uliangalia watoto wadogo 173 waliokuwa wameumizwa kichwa kwa makusudi. Madaktari hawakuligundua jeraha mara ya kwanza kwa watoto 54, na waliopitwa zaidi walikuwa watoto wa Kizungu na wale wanaoishi na wazazi wote wawili. Daktari alimwona baba mstaarabu mwenye bima nzuri, akaandika mafua au tumbo, akamrudisha mtoto kwa mtu aliyempiga.

Hesabu mpya zaidi inasema jambo lilelile kwa lugha ya wachumi. Watafiti waliochambua taarifa za jimbo la Michigan walilinganisha watoto wenye uwezekano sawa wa kudhuriwa tena wakiachwa nyumbani. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2024, mtoto Mweusi alikuwa na uwezekano wa asilimia 55 zaidi wa kupelekwa malezi ya kambo. Lakini tofauti ilijaa zaidi kwenye kesi zenye hatari ya kweli. Yaani sehemu ya tatizo ni watoto wa Kizungu walioachwa kwenye nyumba ambazo walistahili kutolewa. Wanaharakati wa pande zote mbili hawapendi kuisoma sentensi hiyo mpaka mwisho.

Kompyuta haikuwaokoa. Kaunti ya Allegheny, ambako ndiko Pittsburgh, ilianza mwaka 2016 kutumia programu inayotoa alama ya hatari kwa kila simu inayoingia. Programu hula kumbukumbu za huduma za umma: jela, kliniki za afya ya akili, posho. Mzazi tajiri aliyelipia daktari wake wa akili mfukoni hana kumbukumbu humo. Ni msafi kama theluji.

Sasa hoja ya upinzani, maana ipo na si ya kupuuzwa. Watoto Weusi wa Marekani hufa kwa kudhuriwa au kutotunzwa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya watoto wa Kizungu. Kifo si maoni ya afisa, kinahesabika. Wapo wasomi makini wanaosema kwamba kuwapunguza watoto Weusi kwenye mfumo ili tarakimu zipendeze ni kuwaacha wafe kwa jina la usawa. Nawasikia. Anayeandika kwamba kila mtoto aliyechukuliwa aliibwa hajawahi kusoma ripoti ya mtoto aliyeuawa baada ya simu nne kupuuzwa.

Ila hoja hiyo inaniongoza kwingine, si pale wanapotaka. Ikiwa jamii inachunguzwa kwa zaidi ya nusu ya watoto wake, na watoto wake bado wanakufa mara tatu, basi kinachofanyika kwa kiasi kikubwa ni kutazama, na kutazama hakulindi. Afisa mwenye mafaili mengi kupita kiasi, yaliyojaa friji tupu, hana saa ya kukaa kwenye nyumba moja yenye mtu hatari. Wanaokutwa na shida ya kodi ya nyumba wanakula muda wa wanaokutwa na mkanda na pasi ya moto.

Narudi kwenye pesa. Fungu kubwa la serikali kuu kwa ajili ya malezi ya kambo halina kikomo kwa mtoto anayestahili: jimbo linadai, Washington inarejesha sehemu. Na nani anastahili? Mtoto ambaye nyumba aliyotolewa ilikuwa maskini kwa vipimo vya ile posho ya zamani, kama vilivyokuwa Julai 1996. Posho yenyewe ilifutwa mwaka huohuo wa 1996. Vipimo vyake vimebaki kama mzimu, kazi yake moja ikiwa kuthibitisha kwamba mama alikuwa fukara kiasi cha kutosha ili mtu mwingine alipwe kumlelea mwanawe. Kilichochukua nafasi ya posho ni fungu lenye kikomo ambalo majimbo yana uhuru mkubwa wa kulitumia. Arizona imewahi kupeleka zaidi ya nusu yake kwenye idara ya watoto badala ya mikononi mwa akina mama. Tena majimbo mengi yaliwatoza wazazi gharama za malezi ya watoto waliochukuliwa, mpaka serikali kuu ilipoyashauri mwaka 2022 yaache. Mama aliyeshindwa kodi ya nyumba alitumiwa ankara.

Mwaka 1997 Bill Clinton alisaini sheria iliyoweka saa ukutani. Mtoto akikaa nje ya kwao miezi 15 kati ya 22, jimbo, isipokuwa kwa sababu chache, lifungue shauri la kukata haki za uzazi. Majimbo yaliyoongeza idadi ya watoto wanaoasiliwa yalipewa bakshishi, dola 4,000 kwa kila mtoto wa ziada. Nia ilikuwa njema: watoto walikuwa wakitangatanga nyumba hadi nyumba miaka na miaka. Lakini hicho ndicho kipindi ambacho jela za Marekani zilikuwa zikijaa wanawake Weusi kwa vifungo vya dawa za kulevya. Kifungo cha miaka miwili kikawa, kwa mzazi, kifungo cha maisha. Na mama huyo hana hakika hata ya wakili: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1981, katika kesi ya Abby Gail Lassiter, mama Mweusi aliyekuwa gerezani North Carolina, kwamba katiba hailazimishi kila mzazi maskini apewe wakili anapokatwa haki za uzazi. Mtuhumiwa wa wizi wa gari ana wakili wa bure. Lassiter alijitetea mwenyewe akashindwa.

Kwa Waswahili, swali la kwanza katika habari yote hii lingekuwa: bibi yuko wapi? Shangazi? Mama mdogo? Wapo. Mwaka 1979 mahakama hiyohiyo ilisema ndugu wanaokidhi masharti wasinyimwe malipo wanayopewa walezi wageni, lakini masharti yenyewe yalipimwa kwa nyumba za watu wa kipato cha kati: vyumba vingapi, dirisha la ukubwa gani, nani ndani ya nyumba aliwahi kufungwa. Bibi wa vyumba viwili alishindwa mtihani, mgeni wa vyumba vinne akapita. Ni Septemba 2023 tu ndipo serikali kuu iliporuhusu ndugu wawekewe vigezo vyao. Na kuna njia ya vichochoroni inayotumika mno: afisa anamwambia mama, mpeleke mtoto kwa bibi yake usiku huu, la sivyo tukutane mahakamani. Hakuna kesi, hakuna wakili, na bibi hapati kitu. Wageni wanaozungumza Kiswahili wangefaidika zaidi kama sauti za WhatsApp zingewafundisha hili: kutaja majina ya ndugu mapema, na kudai mkalimani, ambaye ofisi inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumtoa. Mtoto wako asikutafsirie kikao hicho.

Je, pesa ikifika mapema inasaidia? Utafiti wa 2017 uligundua kwamba kima cha chini cha mshahara kikipanda dola moja kwa saa, taarifa za kutelekeza watoto hupungua kwa asilimia 9.6. Hakuna semina ya malezi ninayoijua yenye matokeo ya namna hiyo.

Wapo waliojaribu kugeuza usukani kwa sheria. Wenyeji wa asili walipata yao mwaka 1978, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba robo hadi theluthi ya watoto wao walikuwa wameondolewa makwao. Inalitaka jimbo lifanye juhudi za dhati, si za kuandikwa kwenye fomu, kabla ya kuivunja familia, na linapomtoa mtoto lianze na ndugu na kabila lake. Mwaka 2023 Mahakama Kuu iliithibitisha kwa majaji saba dhidi ya wawili. Minnesota imekopa wazo hilo: Mei 2024 gavana alisaini sheria inayotaka juhudi kama hizo kwa watoto Weusi na wengine wanaochukuliwa kupita kiasi, ikianzia kaunti za Hennepin na Ramsey.

Na Washington? Mwaka 2018 ilifungua kwa mara ya kwanza lile fungu kubwa la malezi ya kambo litumike kuzuia watoto wasichukuliwe. Mama aliye ukingoni anaweza sasa kulipiwa ushauri wa afya ya akili, matibabu ya ulevi, na mtaalamu wa kuja nyumbani kumfundisha malezi. Kodi ya nyumba anakofundishiwa haimo kwenye orodha.